Uhamishaji wa Rekodi za Sauti Zilizobanwa na Hatima ya Data za Lugha za Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Afrika Mashariki wamezoea kuizungumzia data ya lugha kana kwamba ni maneno yaliyoandikwa daftarini. Katika lugha zenye toni, hata hivyo, daftari ni tafsiri ya msikilizaji tu; data yenyewe ni sauti. Makala hii inachunguza yanayotokea pale sauti hiyo inapohamishwa kutoka katika miundo ya zamani ya faili zilizobanwa, hususan MP3, AMR na miundo ya vinasasauti vya ofisini, kwenda katika miundo mipya kama FLAC na Opus. Hoja inayotetewa ni kwamba uhamishaji huo si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Ni uamuzi wa kiisimu, na ukifanywa bila uangalifu huharibu ushahidi pasipo kuacha alama inayoonekana upesi.

Mkoa wa Mara unafaa kuwa mfano kwa sababu ya wingi wa lugha zake katika eneo dogo. Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama pekee mtafiti hukutana na Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kikabwa na Kiikizu; akisogea kaskazini na mashariki huwakuta wasemaji wa Kikuria, Kingoreme, Kinata na Kiikoma. Katika kata za mjini kama Iringo, Manispaa ya Musoma, wasemaji wa lugha hizi huunganishwa na Kiswahili. Ndiyo sababu rekodi za wazee zina thamani isiyopimika: mzee aliyesimulia ngano kwa Kizanaki miaka 20 iliyopita mara nyingi hayupo tena kuombwa arudie. Uchunguzi wa toni za eneo hili una historia ndefu, kuanzia kazi ya Massamba kuhusu Kiruri (1982) hadi ile ya Downing kuhusu Kijita (1990). Tofauti na kanda za enzi hizo, rekodi nyingi za miaka ya 2000 zilizaliwa zikiwa tayari zimebanwa.

2.0 Aina mbili za mbano

Yafaa kutofautisha mbano wenye upotevu na mbano usio na upotevu. FLAC, iliyoanza mwaka 2001 na kuandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti mwaka 2024, hupunguza ukubwa wa faili lakini ikifunguliwa hurudisha kila biti ya rekodi ya awali. MP3, iliyoidhinishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hufuata njia nyingine: hukisia ni sehemu zipi za sauti ambazo sikio la binadamu halitazisikia, kisha huzitupa. Faida yake ni dhahiri. Saa moja ya rekodi ya WAV yenye mikondo miwili, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 635. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua chini ya megabaiti 58. Kwa mtafiti aliyekuwa Majita na kadi ndogo ya kumbukumbu, uchaguzi ulikuwa umekwisha kufanywa na mfuko wake.

AMR, iliyobuniwa kwa ajili ya simu za mkononi, ni kali zaidi. Huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna kinachobaki juu ya kilohezi 4. Aidha, kodeki hii imejengwa juu ya modeli ya koo na kinywa cha binadamu. Iritungu, ala ya nyuzi ya Wakuria, ikirekodiwa kwa AMR hulazimishwa kupita katika koo ambalo haina. Hilo si tatizo la uhamishaji, bali la rekodi yenyewe, na hakuna programu itakayolitibu.

Hapa ndipo ilipo dhana potofu iliyoenea zaidi: kwamba MP3 ikigeuzwa kuwa WAV au FLAC "inaboreka". Haiboreki. Faili inakua mara kumi na kilichotupwa kinabaki kimetupwa. Mbaya zaidi ni kuihamisha MP3 moja kwa moja kuwa Opus au MP3 nyingine kisha kuifuta ya kwanza. Kodeki ya pili hukisia upya juu ya makisio ya kodeki ya kwanza, na makosa ya zote mbili hujumlishwa.

3.0 Athari kwa uchanganuzi

Je, upotevu huu unamgusa mwanaisimu? Jibu linategemea anachokipima. Mwenendo wa toni, yaani masafa ya msingi ya sauti, hustahimili MP3 ya kiwango cha wastani vizuri kuliko inavyodhaniwa. Mtafiti wa kitenzi cha Kikuria, ambamo toni juu huanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina kutegemea njeo, anaweza kuendelea kuitumia rekodi ya namna hiyo bila hofu kubwa. Irabu zahitaji tahadhari zaidi. Kikuria, Kiikizu na Kinata zina irabu saba, tofauti na tano za Kijita na Kikwaya, na tofauti kati ya irabu ya juu na ile inayoifuata hutegemea formanti ya kwanza, ambayo vipimo vyake hukaribiana sana. Kosa dogo la kipimo laweza kuzifanya irabu mbili zionekane moja. Vikwamizi ndivyo huumia zaidi: nguvu kubwa ya [s] iko juu ya kilohezi 4, na AMR haikuiweka kabisa.

Kuna athari nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya wakati. Kodeki ya MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili. Kwa programu ya LAME, inayotumika mno, ucheleweshaji wa kusimba ni sampuli 576 na wa kusimbua ni 529, jumla 1,105. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 25. Kwa sampuli 22,050, kiwango kilichopendwa kwa mazungumzo, ni milisekunde 50. Programu nyingine za kusimbua husoma taarifa hiyo katika faili na kuukata ucheleweshaji; nyingine huuacha.

Tuchukue mfano. Mtafiti alikwishaweka mipaka ya irabu na konsonanti kwa Praat au ELAN akitumia WAV iliyosimbuliwa na programu inayokata kimya hicho. Baada ya miaka kumi, maktaba inasimbua upya MP3 ileile kwa programu isiyokata. Matini ya unukuzi haijabadilika, sauti inasikika ileile, lakini kila tukio sasa limechelewa kwa milisekunde 50. Hati ya kompyuta inayopima formanti katikati ya irabu fupi ya milisekunde 80 itapima milisekunde 10 kabla ya irabu kuanza, yaani ndani ya konsonanti. Matokeo yatatoka, jedwali litajaa, na tofauti ya irabu saba inaweza "kutoweka" katika lugha ambayo wasemaji wake wanaitofautisha kila siku. Kosa la aina hii ni baya kuliko faili isiyofunguka, kwa sababu faili isiyofunguka angalau husema kwamba haifunguki.

4.0 Utaratibu unaopendekezwa

Faili ya awali isifutwe kamwe, hata ikiwa ni AMR dhaifu. Hiyo ndiyo asili, na nakala zote zitokane nayo moja kwa moja, si nakala kutoka nakala. Kwa uchanganuzi, isimbuliwe mara moja kuwa WAV au FLAC bila kubadili kiwango cha sampuli. Ni vema kutumia WAV ya biti 32 za nukta inayoelea (float), kwani MP3 iliyorekodiwa kwa sauti ya juu huweza kuvuka kikomo inaposimbuliwa na vilele vyake vikakatwa. Kisha mipaka ya unukuzi ilinganishwe na sauti mwanzoni, katikati na mwishoni mwa faili. Kuangalia mwanzoni pekee hakutoshi: MP3 yenye kiwango cha biti kinachobadilika inaweza kuonyesha wakati usio sahihi katikati ya rekodi ndefu.

Jambo lisilosameheka ni kuhifadhi WAV iliyotoka kwenye MP3 bila kusema hivyo. Mtafiti ajaye ataiona WAV na kuiamini. Akichora spektogramu huenda akagundua ukingo mkali karibu na kilohezi 16, lakini si kila mtu huchora. Kwa hiyo taarifa za kila faili zitaje muundo wa asili, kiwango cha biti, programu na toleo lililotumika, pamoja na tarehe ya uhamishaji. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu huachwa.

Kuhusu nini kihamishwe kwanza, tahadhari inayoisukuma MP3 mbele ya foleni haina msingi. Ada za hataza zake zilikoma mwaka 2017 na karibu kila kifaa kinaisoma. Zilizo hatarini ni faili za vinasasauti vya ofisini, kama DSS, na DVF au MSV za Sony, ambazo zilitegemea programu za watengenezaji wenyewe. Kompyuta ya mwisho yenye programu hiyo ikiharibika, rekodi zimefungwa. Idara yenye kabati la vinasasauti vya aina hii inapaswa kuanzia hapo.

Opus, iliyoandikwa rasmi kama kiwango mwaka 2012, inafaa sana kwa nakala za kusikiliza. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde, saa moja ya masimulizi huchukua takriban megabaiti 11, nayo huweza kurudishwa kwa ukoo wa msimulizi kwa simu ya kawaida. Ucheleweshaji wake umeandikwa katika kichwa cha faili, na programu inayofuata kiwango huuondoa. Hata hivyo, zama zimekwisha kuigeuza Opus kutoka nakala kuwa asili: ujumbe wa sauti wa WhatsApp hufika katika muundo huo, na watafiti wengi sasa huwauliza wasaidizi wao walioko Butiama au Bunda maswali ya toni kwa njia hiyo. Faili hiyo ihifadhiwe jinsi ilivyofika. Kuigeuza kuwa MP3 kwa sababu tu programu ya zamani haiisomi ni kurudia safari ileile kwa kinyume.