Usikunje Akriliki kwa Papara: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa fundi wa mabango, tuzo na makasha ya vyakula, kuanzia Kitengela hadi Loitokitok. Akriliki, ambayo wengi wetu huiita Perspex hata ikitoka kiwanda kingine, ni ghali. Shiti moja ikiharibika, faida ya kazi nzima imekwenda.

Uliza dukani kabla ya kulipa: hii ni ya kumiminwa kwenye kalibu au ya kusukumwa na mashine? Ya kumiminwa hutaka digrii 160 hadi 175. Ya kusukumwa hulainika mapema, na hujikunyata upande mmoja kuliko mwingine. Usizichanganye.

Usikate kipimo kamili. Ya kumiminwa, ikipashwa mara ya kwanza, hupungua karibu asilimia 2 kwa urefu na kwa upana. Kata kubwa, pasha, ndipo upime.

Usiitumbukize kwenye maji ya moto. Loitokitok iko juu, ubavuni mwa Kilimanjaro. Maji huchemka karibu digrii 94. Hata Mombasa, yanakofika 100, akriliki bado ngumu. Ukiilazimisha, itakutii mkononi kisha ipasuke ukutani kwa mteja.

Usithubutu kuiweka juu ya jiko la makaa wala la gesi. Akriliki hushika moto, hudondosha matone yanayowaka, na mvuke wake nao huwaka. Tumia oveni ya umeme yenye feni, na moshi uwe na pa kutokea. Nasema hili kwa uchungu: karakana nyingi ni vyumba vya mabati vyenye mlango mmoja, na anayekaa ndani kutwa ni kijana aliyeletwa na mzazi wake kujifunza kazi.

Bandua karatasi ya kinga. Osha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, maana vumbi la Kitengela likibaki litajichapa humo milele. Spiriti, petroli na dawa ya vioo yenye amonia ni marufuku. Shiti iliyolala stoo wakati wa masika imefyonza unyevu: ikaushe kwa digrii 80 kwa saa kadhaa, la sivyo itatoka malengelenge.

Mkunjo ulionyooka, tumia waya wa joto. Shiti ikizidi unene wa milimita 5, pasha pande zote mbili.

Poza polepole. Usiimwagie maji, usiitoe nje kwenye upepo wa nyanda za Athi. Ibane kwenye kalibu, ifunike blanketi, isubiri ishuke hadi digrii 60. Umekosea? Usiinyooshe kwa nguvu. Irudishe ovenini, ya kumiminwa huukumbuka ubapa wake na itajinyoosha yenyewe. Stima ikipotea katikati ya kazi, acha, uanze upya ikirudi.

Usigundishe mkunjo mbichi. Klorofomu ikigusa sehemu yenye mkazo huzaa nyufa nyembamba kama nywele. Rudisha kipande kwenye digrii 80 kwa saa kadhaa, kipoe taratibu, ndipo ugundishe, mlango ukiwa wazi.

Siku ya kufunga bango, toboa matundu mapana kuliko skrubu. Shiti ya mita 2.44 hurefuka milimita 5 joto likipanda digrii 30, na kati ya baridi ya alfajiri na jua la saa nane juu ya bango, digrii hizo zinafika. Kaza skrubu, kisha ilegeze nusu mzunguko.