Sala ya Mama Asiye na Nafasi

Ukimwuliza mama Mkristu mwenye nyumba habari za sala zake, mara nyingi atakujibu kwa kuona haya: "Napenda kusali, lakini nafasi sina." Jibu hilo si la kuchekwa, wala si la kukemewa upesi. Mama huyo ameamka kabla ya mapambazuko. Amewasha moto, amechota maji, amewaandaa watoto kwenda shule, kisha ameshika njia ya shamba, au ya soko, au ya ofisi. Jioni, wengine wanapokaa kupumzika, yeye ndipo anapoanza tena kupika, kuosha vyombo na kufua. Usiku akipiga magoti, usingizi humkamata kabla hajafika katikati ya Baba Yetu.

Je, Mwenyezi Mungu amempa mwanamke huyu kazi nyingi, kisha akamdai sala asizoziweza? Hasha! Mungu hamdai mtu asichompa. Lakini pia hakuna mtu awezaye kuishi na Mungu asiyesema naye kamwe. Basi, wapenzi wasomaji, na tutazame jinsi mama mwenye kazi nyingi awezavyo kukaa na Mungu siku nzima, bila kuiacha nyumba yake na bila kumwacha Mungu wake.

Kwanza tuyaondoe makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sala ni kazi ya mapadre na masista, na kwamba mwenye mume na watoto yamtosha kufika kanisani Jumapili. Wazo hili haliharibu mambo kwa siku moja. Huanza kwa kuondoa sala ya asubuhi, halafu ya jioni, na mwisho Misa yenyewe hugeuka desturi ya kuvaa nguo safi. Moyo hupoa kama chungu kilichoepuliwa: hakuna aliyeiona saa kilipopoa, lakini akigusaye jioni ajua.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni la mama anayekimbilia kanisani ili aikwepe nyumba. Kila mkutano yumo, kila ibada yupo, na huku mtoto mgonjwa ameachiwa jirani, na maneno kati yake na mumewe yamekwisha siku nyingi. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake juu ya maisha ya uchaji kilichotoka mwaka 1609, alifundisha kwamba uchaji hauna budi kulingana na hali na wajibu wa kila mtu. Mwenye ndoa akitaka kuishi kama mtawa wa ndani, uchaji wake umepotea njia. Nao Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitangaza kwamba Wakristu wote wa kila hali wameitwa kwenye utakatifu. Kwa hiyo mama asiseme, "Utakatifu si wangu." Ni wake, naye ataupata palepale alipowekwa.

Kanisa latupa mifano. Mtakatifu Fransiska wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1384 na kufa mwaka 1440, aliozwa angali binti mdogo, akawa mama wa nyumba kubwa yenye watumishi wengi. Mapokeo yasimulia kwamba siku moja alikuwa akisali Sala za Bikira Maria, akaitwa na mumewe. Akafunga kitabu, akaenda. Aliporudi na kuanza tena mstari uleule, akaitwa tena. Ikawa hivyo mara nne. Aliporudi mara ya mwisho, aliukuta mstari ule umeandikwa kwa dhahabu. Ukiyapokea masimulizi haya kama historia au kama mfano, fundisho lake ni lilelile: mama aliyeacha sala kwa ajili ya wajibu wa upendo, sala yake haikukatika.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na nyakati zetu. Katika mji wa Alençon, nchini Ufaransa, aliishi mwanamke aliyeitwa Zélie Guérin, aliyezaliwa mwaka 1831. Alitaka kuwa sista, akakataliwa. Akajifunza kushona lesi, yaani kitambaa chembamba cha nakshi kifumwacho kwa sindano na uzi, akafungua kazi yake mwenyewe. Wanawake walishona vipande nyumbani kwao wakamletea, naye akaviunganisha kwa mikono yake. Mwaka 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa. Na kazi ya mke ilipozidi kukua, mume aliacha ufundi wake mwaka 1870 ili amsaidie.

Walijaliwa watoto tisa. Wanne kati yao walikufa wangali wadogo. Mtoto wa mwisho, Teresa, alipozaliwa mwezi wa Januari 1873, mama hakuweza kumnyonyesha, akalazimika kumpeleka kijijini kwa mlezi, akae huko mwaka mmoja. Binti mwingine, Léonie, alikuwa mgumu wa kulea, akarudishwa kutoka shule. Zaidi ya barua 200 za Zélie zimehifadhiwa, na ndani yake twamwona alivyokuwa: amechoka, ana wasiwasi juu ya wateja na juu ya watoto, analia kwa ajili ya waliokufa. Lakini twaona pia kwamba alfajiri alikwenda Misa pamoja na mumewe, kwamba watoto walifundishwa kusali magotini pake, na kwamba kila taabu aliitamka mbele ya Mungu kama mtu asemaye na Baba yake.

Ugonjwa wa saratani ya titi ulipomshika, alikwenda kuhiji Lourdes mwezi wa Juni 1877. Hakuponywa. Alirudi nyumbani akaendelea na kazi na sala mpaka alipofariki tarehe 28 Agosti mwaka uleule, akiwa na miaka 45. Teresa wake alikuwa na miaka minne tu. Ndiye leo tunayemheshimu kama Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Nao wazazi, Louis na Zélie, walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Basi, mama uliyefiwa na mtoto, mama mwenye mtoto mkaidi, mama uliyeomba afya usiipate, usidhani kwamba Mungu amekuacha. Njia hiyo imekwisha kupitwa na mwanamke aliyefika.

Sasa tuje kwenye matendo, maana fundisho lisilo na matendo ni kama mbegu iliyoachwa ghalani.

Kwanza, uitoe siku yako kwa Mungu mara uamkapo. Kabla hujashika kuni, na kabla hujashika simu, fanya ishara ya msalaba, ukamwambie Mungu kwa maneno yako: kazi yote ya leo, na uchovu wake, ni yako. Haipiti dakika moja. Kazi iliyotolewa hivyo asubuhi, hata ukiisahau nia yako mchana, imekwisha pewa mwenyewe.

Pili, uzifunge sala fupi kwenye kazi zako, kama kitenge kinavyomfunga mtoto mgongoni. Ukiwasha moto, mwombe Roho Mtakatifu awashe upendo nyumbani. Ukichota maji, kumbuka ubatizo wako. Ukifagia, uombe msamaha. Ukimwogesha mtoto, mkabidhi kwa Bikira Maria. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, simama kidogo, hata ukiwa shambani na jembe mkononi. Maneno matatu yatoshayo moyo ni bora kuliko maneno mia yaliyosinziliwa.

Tatu, jioni uwakusanye wa nyumbani kwa sala. Kama rozari nzima haiwezekani, sali fungu moja, lakini kila siku. Mtoto aliyezoea kusikia sauti ya mama yake ikisali jioni hataisahau hata akiwa mbali, mjini au ng'ambo.

Nne, usiukimbie mwiko wa Sakramenti, maana hapo ndipo roho hulishwa. Sala za jikoni hupata nguvu yake katika Misa, nayo Kitubio huondoa majivu yanayofunika kaa la moto. Mama anayewalisha wote akakaa mwenyewe na njaa, mwisho huanguka. Na katika mambo ya roho ni vivyo hivyo.

Tano, kabla ya kulala, jiulize maswali mawili tu: Leo nimempenda nani vizuri? Leo nimemwumiza nani kwa ulimi wangu? Shukuru kwa la kwanza, tubu kwa la pili, ukalale. Na usingizi ukikukamata katikati ya sala, usifadhaike. Kuchoka kwa ajili ya wengine si dhambi. Mtoto anayesinzia mikononi mwa baba yake hachukizi baba. Dhambi ni kuwa na saa moja kwa masengenyo na kwa simu, kisha kusema kwamba Mungu amekosa nafasi.

Yatupasa pia kusema neno moja kwa akina baba. Bwana mwenye nyumba, ikiwa mkeo hana nafasi ya kusali, jiulize nani ameichukua. Louis Martin aliacha ufundi wake akaingia katika kazi ya mkewe, na hakuna aliyemwona amepungukiwa heshima. Kuchota ndoo moja ya maji, kumbeba mtoto Jumapili mama apate kusikiliza Injili, kuanzisha mwenyewe sala ya jioni: hayo hayakupunguzii ubaba. Unayatenda kwa ajili ya roho ya mkeo, na kwa ajili ya roho yako pia.

Yesu alikaa miaka mingi Nazareti kabla ya kuhubiri. Katika nyumba ile kulikuwa na mama aliyesaga, aliyeoka mkate, aliyechota maji kisimani, na Mungu alikuwa akila mezani pake. Mama mpenzi, kesho ukiinama kupuliza moto, kumbuka kwamba hujatoka mbele ya Mungu. Yupo hapo jikoni, angoja umsemeshe.