Alama za Vidole na Utambuzi wa Watu

Alama za vidole ni mistari iliyoinuka kwenye ngozi ya ncha za vidole. Mpangilio wake hujengeka kabla ya mtoto kuzaliwa, na haubadiliki anapokua. Hata mapacha wa kufanana hutofautiana, kwa kuwa mazingira ya tumboni huchangia pamoja na jeni. Maumbo makuu ni matatu: kitanzi, duara na upinde.

Tangu 2019, anayesajili laini ya simu Tanzania huweka kidole, na alama yake hulinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Swali hapo ni: je, huyu ndiye anayejitaja? Polisi huuliza: alama hii ni ya nani?

Chukulia duka limevunjwa Kimandolu. Jasho na mafuta ya ngozi huacha alama kwenye kioo. Mchunguzi hupaka unga laini, hupiga picha, kisha hulinganisha mahali mistari inapoishia au kugawanyika na alama za mshukiwa.

Zingatia: alama huonesha kuwa mtu aligusa kitu, si kwamba aliiba. Mteja wa jana naye aligusa kioo.

Swali: Kwa nini alama ya ndani ya droo ya fedha ina uzito kuliko ya mlangoni?

Jibu: Wateja hawafiki hapo. Muuzaji hufika, hivyo alama zake zitengwe kwanza.