Hewa Ile Ile, Malengo Mawili
Katika maadili tunajifunza kulipima tendo pamoja na lengo lake. Tuchukue mfano. Tangu 1996, huko Sleipner, Norwei, hewa ya ukaa hutenganishwa na gesi asilia, ikasukumwa katika mwamba wa mchanga chini ya bahari ili ibaki humo. Tangu 2000, huko Weyburn, Kanada, hewa kama hiyo, itokayo kwa bomba katika kiwanda cha makaa ya mawe cha Marekani, hupelekwa ardhini ili iyalainishe mafuta yaliyogoma kutoka. Sehemu kubwa yake hubaki chini. Lakini mafuta yakichomwa, hewa nyingine hupanda angani. Basi tukiambiwa “tumeizika”, tuulize: kwa lengo gani, na hesabu nzima inasemaje?