Kisukari na miguu: udhu uwe uchunguzi wa kila siku

Kisukari kikitajwa, wengi wetu hufikiria sukari kwenye chai, macho au figo. Miguu huja kukumbukwa mwishoni, mara nyingi pale daktari anapokwisha sema kuwa kidole, au mguu wenyewe, hauna budi kukatwa. Wiki hii tuzungumzie miguu, kwani Muislamu mwenye maradhi haya ana nafasi ya kuitazama na kuigusa kila siku, nayo ni udhu.

Kwanza tuelewe inakuwaje. Wali, ugali, mihogo na mikate tunayokula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kutoka kwenye damu na kutumiwa na mwili kama nguvu. Kwa mwenye kisukari, ama insulini haitoki, au inayotoka haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu inayofika miguuni ndiyo hutangulia kuumia. Aidha, mishipa ya damu huziba taratibu.

Mwanzo mgonjwa husikia ganzi, kuchomachoma kama sisimizi wanatembea, au nyayo kuwaka moto usiku. Kisha maumivu hupotea, naye hudhani amepona, kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Atakanyaga msumari na kuendelea na safari yake. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala. Jeraha likishapatikana, sukari nyingi huwapa vijidudu nguvu na damu haba huchelewesha kupona, hadi likawa donda ndugu.

Kutawadha kwa utulivu

Suratul Maida aya ya 6 imeamrisha miguu ioshwe hadi vifundoni. Mtume (S.A.W.) naye alionya vikali kuhusu visigino vinavyoachwa vikavu, na akaelekeza maji yapitishwe baina ya vidole. Visigino na baina ya vidole ndipo hasa ngozi ya mgonjwa wa kisukari hupasuka. Lakini anayetawadha mbiombio, kasimama bombani kwa mguu mmoja, hataona kitu. Chagua sala moja, tuseme Isha, utawadhe nyumbani umekaa kwenye kigoda, pana mwanga. Tazama kama kuna lengelenge, mchubuko, uvimbe, magaga yaliyopasuka, ukungu mweupe baina ya vidole, ukucha ulioingia nyamani, usaha au harufu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa kwa mgongo wa mkono: mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, hiyo ni dalili. Nyayo zitazame kwa kioo kilicholazwa sakafuni. Ambaye macho yake yamepungua nguvu amuombe mkewe, mumewe au mtoto amtazamie.

Kwenye baridi, kama Lushoto au Njombe, watu hutawadhia maji ya moto. Mguu wenye ganzi hauwezi kupima joto, kwa hiyo yapime kwa kiwiko, au apime mtu mwingine mzima. Kuota moto wa jiko la mkaa kwa miguu ni kujitafutia kuungua.

Linalosahaulika zaidi ni kukausha. Kujifuta baada ya udhu hakubatilishi udhu. Miguu inayoloweshwa mara tano kisha ikatiwa ndani ya soksi na viatu ikiwa mibichi huota fangasi baina ya vidole, ngozi ikachanika na vijidudu wakapata mlango. Chukua kitambaa chako mwenyewe, kwani taulo la watu wote na ndara za msikitini zilizolowana huambukiza fangasi. Kamati za misikiti zikiweka benchi la kutawadhia na mkeka mkavu hadi mlangoni, gharama yake haifiki ya kipaza sauti kipya.

Mafuta yapakwe visiginoni na juu ya mguu, yasipakwe baina ya vidole. Anayehofia kuwa mafuta yatazuia maji ya udhu apake baada ya Isha na aoshe kwa sabuni Alfajiri. Kucha, ambazo sunna haipendi zipite siku arobaini, zikatwe kwa kunyooka bila kuchimba pembeni. Sugu zisikatwe kwa wembe.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Vaa ndara hadi ukingo wa zulia la msikiti, na Ijumaa usisimame peku kwenye saruji ya jua kali. Mwenye kwenda Hijja akumbuke kuwa mwanamume aliyehirimia ameruhusiwa ndara, basi azizoee kabla ya safari. Ardhi ya Makka wakati wa joto huunguza nyayo.

Ukiona jeraha

Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama haliumi. Usimwagie unga wa rangi mbili, wala majani, wala usiloweke mguu katika maji ya chumvi. Dawa zako za kisukari usiziache.

Wapo wanaofungua bandeji mara tano kwa siku ili wasikose udhu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani, akapata janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ila aoge. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alikasirika mno kwamba hawakuuliza. Sheria inayo hukumu ya kupangusa maji juu ya bandeji, na ya tayamamu. Kabla ya kumuendea sheikh, muulize daktari bandeji isifunguliwe kwa siku ngapi na maji yasifike wapi, kisha umueleze sheikh hayo hayo.