Yule Aliyeachwa Malishoni

Somo: 1 Samweli 16:1-13, Wakolosai 3:21



Mwaka niliofanya KCSE nilipata B. Nilifika nyumbani na furaha, lakini baba akaniuliza swali moja tu: "Na A imeenda wapi?" Alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa karo yangu, na kijiji kizima kilishaambiwa mimi ni daktari. Nilipoenda kusomea biashara, tulikaa karibu mwaka mzima bila kuongea vizuri.

Nilidhani nimesahau. Kisha muhula uliopita kijana wangu akaleta ripoti, hisabati imeandikwa "kukaribia matarajio". Hata sijamsalimu, nikauliza, "Wenzako walipata nini?" Akaangalia chini. Ilikuwa ni sauti ya baba, lakini mdomo ni wangu.

Sasa tuangalie nyumba ya Yese. Alipitisha wana saba mbele ya Samweli. Daudi hata hakuitwa, alikuwa na kondoo. Na Samweli, nabii mzima, alipomwona Eliabu alidhani kazi imeisha. Mungu akamrekebisha: Yeye huangalia ndani, moyoni. Ikiwa nabii alihitaji kurekebishwa, sembuse mimi na wewe tulioshika ripoti mkononi?

Sisemi watoto wasisome. Daudi hakuwa mvivu. Huko malishoni alipambana na simba na dubu. Lakini mtihani hupima sehemu tu ya mtoto. Akikosa C+ ya digrii, C- bado inafungua mlango wa diploma, na kuna kozi za ufundi. Keti naye muangalie kozi za KUCCPS pamoja, kabla ya kuwapigia simu wajomba.

Nilisoma biashara, najua faida na hasara. Karo si mtaji, na mtoto si duka. Tukimkumbusha kila siku ng'ombe tuliouza, tunambebesha deni asiloweza kulipa. Paulo anatuonya tusiwachokoze watoto hadi wakate tamaa. Nimewahi kuketi ofisini na kijana aliyeniambia heri asirudi nyumbani kabisa. Ukisikia maneno kama hayo, usiyapuuze. Omba naye, usimwache peke yake, na umpeleke kwa mshauri siku hiyo hiyo.

Nawe kijana, heshimu wazazi kwa kuwaambia ukweli mapema. Usingoje siku ya matokeo ndiyo wajue fizikia ilikushinda tangu kidato cha pili. Ukiogopa kuongea peke yako, njoo, tutaenda pamoja.

Jioni ile nilimwomba kijana wangu msamaha. Kisha tukafungua daftari la hisabati, mimi na yeye.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Mtoto wako akiingia na ripoti, neno lako la kwanza huwa gani?
2. Ni mtoto yupi nyumbani kwako bado yuko malishoni, hajaitwa?

Tuombe: Baba, tupe macho yako tunapowaangalia watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.