Michoro ya Sahani za Kichina na Mawe ya Kisii

Tumeulizwa katika darasa letu: sahani za kale za Kichina zilizomo katika zidaka za majumba ya Lamu, na zile zilizojengewa makaburini, michoro yake ina maana gani? Na je, zakinga hasadi?

Yafaa ifahamike kwanza ya kuwa Wachina hawakuchora pambo tupu. Lugha yao ina maneno mengi yenye sauti moja, nao huomba heri kwa picha. Popo kwao ni fu, na heri pia ni fu. Basi popo watano ni heri tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na mauti ya salama. Samaki ni yu, na yu ni ziada. Yungiyungi ni usafi, kwa kuwa latoka topeni bila ya kuchafuka. Joka la kucha tano lilikuwa la mfalme. Kwa hivyo sahani ilikuwa ikisema, kama kanga za dada zetu zisemavyo.

Na ile buluu tuipendayo, kobalti yake ililetwa China kutoka Uajemi, hata Wachina wenyewe wakaiita buluu ya Waislamu. Zama za mfalme Zhengde, 1506 hata 1521, vilifanywa vyombo vya kaure vilivyoandikwa Kiarabu na Kiajemi. Fundi humwandikia mnunuzi.

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho yake, asiende China. Na aende nchi ya Wakisii, ng'ambo ya Nyamira, hata Tabaka. Huko jiwe ni laini, hukatwa kwa panga na kisu. Wanaume huchonga, wanawake hulisugua majini likang'aa. Juu ya sahani hutiwa samaki na twiga. Twiga hakai katika vilima vile vya migomba na chai, ila mgeni amtaka. Lakini watu walioshikana kwa duara, hao ni maneno ya kwao: undugu.

Ama hasadi, twasema waziwazi: kaure haimkingi mtu. Baadhi ya wazee walidhani sahani ikipasuka imebeba jicho baya. Sahani hupasuka kwa kuanguka. Na kupamba kaburi hakuna asili; Imamu Muslim amepokea kwa Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa.

Hata hivyo asitufahamu vibaya mtu akashika patasi. Wanaobandua sahani katika makaburi ya kale, kama yale ya Mambrui na Kunduchi, wakawauzia watalii, hao ni wezi wa maiti na wa walio hai. Vipande alivyochimbua Kirkman huko Gedi tangu 1948 vimetufunza biashara ya mababu zetu; kilichouzwa gizani hakimfunzi mtu. Mwenye sahani ya urithi na aitunze, awaandikie wanawe ilitoka kwa nani. Na aokotaye kigae shambani awape khabari watu wa Makumbusho, wala asikioshe kwa mchanga, maana rangi ya juu ya mchoro hukwaruzika.